Vikombe Vilivyobaki Ukutani

Sehemu ya Tisa

"Mimi ndiye Wachuka," alisema msichana yule, na Milcah Chepkurui akajua papo hapo kwamba anadanganywa.

Ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji. Ni Alhamisi asubuhi, mwezi wa saba, mwaka 1957. Milcah, afisa wa watoto wa baraza la mji, amesimama mbele ya darasa la pili katika shule moja ya lokesheni, mtaa wa Waafrika, Nakuru. Ameita jina moja tu. Msichana mmoja amesimama. Na si yeye.

Milcah alimjua Wachuka. Ni yeye mwenyewe aliyempeleka Nyumba ya Watoto mwezi wa nne, akimshika mkono njia nzima. Wachuka ana miaka minane, na kwenye kiganja cha kushoto ana kovu la moto, refu kama kidole. Huyu aliyesimama alikuwa na macho ya mtu aliyefundishwa maneno.

"Nionyeshe mikono yako."

Msichana akaifunua. Viganja vilikuwa laini, havina alama.

"Kovu lako limekwenda wapi?"

"Limepona, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu Wanyoike, aliyekuwa ameegemea dirisha, akakohoa.

"Bibi Milcah, jina limo daftarini, mtoto yumo darasani. Unataka nini tena? Tukuvulie viatu uhesabu vidole?"

Darasa likacheka tena, maana mwalimu mkuu akitoa mzaha ni lazima kucheka.

Milcah hakucheka. Alikuwa akimfikiria mwanamke aliyemwacha ofisini, kwenye benchi la mbao. Mwanamke huyo anaitwa Wangeci, na ndiye mama yake Wachuka. Jana tu ametoka kizuizini, alikokaa miaka mitatu chini ya sheria za Hali ya Hatari. Pasi yake inamruhusu kukaa Nakuru hadi treni ya kesho saa tano asubuhi, kisha ni lazima aende kijijini kwao, Fort Hall. Amekuja na gauni alilolishona kambini kwa kitambaa cha gunia la unga. Ni gauni la mtoto wa miaka mitano, kwa sababu alipomwacha mwanawe alikuwa wa miaka mitano.

Kesho saa tano Wangeci atapanda treni, akiwa na mtoto au bila mtoto. Na akienda bila mtoto, nani atampa pasi ya kurudi kumtafuta?

Milcah akapiga magoti mbele ya yule msichana.

"Haya, nimekubali. Sasa nijibu swali rahisi. Umeitwa kwa jina la nani?"

Milcah ni Mkipsigis, lakini amekaa nyumba moja na majirani Wakikuyu mwaka mzima. Anajua kwamba msichana wa Kikikuyu, hata kabla hajajua kufunga kitambaa, hujua ni jina la nyanya yupi amelibeba.

Uso wa msichana ukang'aa. Hatimaye ameulizwa kitu anachokijua.

"La cucu, mama yake baba! Yuko Njoro. Hunipa viazi vitamu vikubwa kuliko vya wengine, kwa sababu anasema mimi ni yeye. Anaitwa Cucu Wangu."

Sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Amejitaja! Wangu amejitaja!"

Wangu akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

*

Nje, barazani, machozi yalianza kabla ya maneno.

"Mama Wamaitha ataniadhibu," alisema Wangu, akimtaja mlezi wa Nyumba ya Watoto.

"Hatakuadhibu mimi nikiwapo. Alikuambia nini?"

"Nikisikia Wachuka, nisimame. Nikisikia Wangu, ninyamaze. Ati Wangu anaumwa."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na Wachuka yuko wapi?"

Wangu akatazama chini. "Alipanda lori la kuni. Siku nyingi. Alilia. Hakuchukua kikombe chake."

Mwalimu Wanyoike alikuwa amewafuata, daftari kifuani kama ngao.

"Mimi sina kosa," alianza kabla hajaulizwa. "Nina watoto mia tatu na walimu sita. Kila Jumatatu naletewa karatasi kutoka Nyumba ya Watoto. Karatasi ikisema wapo, natia alama wapo."

"Unatia alama ya wiki nzima siku ya Jumatatu?"

"Ni kuokoa wakati."

Milcah akachukua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa Wachuka. Alama juu ya alama. Hakukosa hata siku moja. Kidole kikasimama.

"Mwalimu, mtoto huyu ana bidii ya ajabu."

"Ndiyo, ndiyo, mtoto mzuri sana."

"Siku ya sikukuu ya Malkia, shule ilipofungwa na nyote mkaenda uwanjani kutazama gwaride, yeye alikuja kusoma peke yake."

Nzi alitua kwenye kipaji cha uso wa Mwalimu Wanyoike na hakumfukuza. Alikuwa anaficha nini? Uvivu tu, au jambo zaidi ya uvivu?

Milcah hakungoja kujua. Alimpandisha Wangu nyuma ya baiskeli na kukanyaga pedali.

*

Njiani, maneno ya mtu mmoja yalimwandama: Mzee Ephantus, karani mkuu wa Kamati ya Watoto, mwenye mvi na kalamu mbili mfukoni, aliyemfundisha kazi kwa siku moja.

"Hapa kuna karatasi tatu, binti yangu," alimwambia mwezi ule wa nne. "Moja ya Nyumba, moja ya shule, moja ya zahanati. Zikikubaliana, mtoto yu salama. Zifunge kwa kamba, ziweke kabatini."

Na kila mwezi zilikubaliana. Zilikubaliana kama ndugu watatu mahakamani. Leo, akipanda mlima kwa pumzi fupi, Milcah alielewa kwa nini. Shule ilinakili karatasi ya Nyumba. Zahanati nayo ilinakili karatasi ya Nyumba. Walikuwa mashahidi watatu wenye mdomo mmoja.

Na jambo jingine lilimchoma zaidi. Barua ya kwamba Wangeci anakuja kumchukua mwanawe ilifika Jumatatu, na waliisoma watu wawili tu: yeye na Mzee Ephantus. Jumanne Wangu akafundishwa kuitika jina la mwenzake.

Nani alimtonya Wamaitha?

Langoni mwa Nyumba walimkuta Kipketer, askari mzee wa vita vya Burma, ambaye Kiswahili chake alikiokota jeshini na hakurudi nacho chote.

"Jambo, memsahib mudogo! Leo siku ya kukagua hapana."

"Leo nimekuja bila siku, mzee. Niambie, lori la kuni hutoka wapi?"

"Elburgon. Kwa kiwanda ya mbao. Kila Jumatatu."

"Huja na kuni. Na hurudi na nini?"

Kipketer akatazama nyumba, akamtazama Wangu nyuma ya baiskeli, akashusha sauti.

"Mimi kazi yangu mulango. Mulango iko na macho, lakini hapana iko na mudomo." Akafungua lango lote, pande mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu wa baiskeli. "Lakini wewe ingia. Ingia kabisa."

*

Bibi Wamaitha alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, mnene, mcheshi, ananukia uji.

"Mwanangu Milcah! Umekonda! Baraza hawakulishi?" Kisha akamwona Wangu, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Huyu mbona hayuko shule?"

"Amepona," alijibu Milcah. "Nimekuja kuwaona watoto."

"Kuwaona? Haya, kagua kama kawaida. Vikombe viko tayari."

Hapa, msomaji, nikueleze jambo ambalo watu wa huku wanalijua tangu kunyonya. Watoto hawahesabiwi. Mkikuyu hatasema hadharani ana watoto wangapi, na Mkipsigis hatanyosha kidole kupitia vichwa vya watoto, kimoja, viwili, vitatu, maana aliyehesabiwa anaitiwa mauti. Bibi yake Milcah, kogo aliyemlea, alimpiga kofi moja tu maishani: siku alipowahesabu ndugu zake wakiota moto.

Kwa hiyo katika Nyumba ile kulikuwa na desturi. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati, kimening'inizwa kwenye msumari ukutani, na uzi wa rangi kwenye mkono wa kikombe ili akijue. Mkaguzi alihesabu vikombe. Mzee Ephantus alifanya hivyo miaka yote, na Milcah akafanya hivyo miezi mitatu. Vikombe ishirini na vinne. Andika ishirini na nne. Kunywa chai. Rudi mjini.

Vilikuwa pale leo pia, safu nne za vikombe sita, vimepigwa na jua la dirishani.

"Ishirini na vinne," alisema Wamaitha. "Andika, mwanangu, upate chai."

Milcah akatoa kalamu. Akaiweka karatasini. Akamsikia Wangu barazani: *Hakuchukua kikombe chake.*

Akairudisha kalamu mfukoni.

"Watoto wanarudi kunywa uji saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, lakini wewe una shughuli nyingi mjini..."

"Nitangoja."

"Mwanangu, utachelewa."

"Nimechelewa miezi mitatu, Mama."

Walingoja. Wamaitha alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Saa sita na nusu watoto wakaingia mbio, vumbi miguuni, wakijipanga ukutani kwa mazoea. Milcah alisimama mbele yao na hakunyosha kidole hata kimoja.

"Watoto, leo sihesabu mtu," alisema. "Ninataka kila mmoja achukue kikombe chake. Chake tu. Kisha arudi nyuma hadi mlangoni."

"Uji kwanza!" alidai mmoja mwenye mapengo.

"Kikombe kwanza, bwana mkubwa, halafu uji."

Wakacheka. Wakachukua. Vikombe vikagongana, nyuzi nyekundu, nyeusi, njano, zikatoka ukutani zikaingia mikononi mwa wenyewe. Watoto wakarudi nyuma.

Ukuta ukabaki na vikombe sita.

Hakuna aliyehesabu, na hakuna ambaye hakuona.

Milcah akatungua cha kwanza. Ndani yake buibui alikuwa amefuma utando mzima, naye akatoka polepole juu ya ukingo kama mwenye nyumba aliyeamshwa. Cha pili kilikuwa na vumbi. Cha sita kilikuwa na uzi wa bluu, umefungwa mafundo mawili. Milcah aliyajua mafundo hayo. Aliyafunga yeye, mwezi wa nne, mtoto mmoja mwenye kovu akimtazama na kumwambia, "Kaza, kisipotee."

"Mama Wamaitha," alisema taratibu, "wenye hivi wako wapi?"

Mwiko ukaanguka.

*

"Sikuwauza!" Wamaitha alikuwa ameketi sakafuni, kanga usoni. "Mungu ananiona, sikumuuza mtoto wa mtu! Unga ulikuwa hautoshi. Kila siku wanazidi kuletwa, baba yuko kizuizini, mama yuko kizuizini, na gunia ni lile lile. Akaja mtu na kuni. Akaja na Biblia kwapani. Akasema kwao kuna nyumba kubwa, kuna maziwa, watoto wachache watalelewa katika familia ya Kikristo."

"Uliwahi kwenda kuiona familia hiyo?"

Wamaitha akavuta kanga usoni zaidi.

"Mama, uliwahi kwenda?"

"Aliomba vizuri sana," alinong'ona Wamaitha. "Nani husali vile kisha awe mwongo?"

"Na Jumanne ukamfundisha Wangu uongo. Nani alikuambia mama yake Wachuka anakuja? Ni Mzee Ephantus?"

Wamaitha akashusha kanga. Alimtazama Milcah kwa mshangao wa kweli.

"Ephantus? Mzee yule hajafika hapa tangu Pasaka. Ni wewe uliyeniambia, mwanangu. Jumatatu jioni. Ulikuja na baiskeli ukiimba, ukanikumbatia hapa jikoni. 'Mama yake Wachuka anarudi!' Umesahau?"

Milcah hakuwa amesahau. Hakuwa ameona tu kwamba furaha yake ilikuwa mlango uliofunguliwa upande usiofaa.

"Nilipata hofu," Wamaitha akaendelea. "Lori lilikuwa halijaondoka. Nikampa dereva ujumbe: nirudishieni watoto wote, wanaulizwa. Jana alipita hapa na jibu."

"Jibu gani?"

"'Watano tutazungumza. Yule wa kovu harudi.'"

Watoto waliokuwa mlangoni wakakaribiana bila kuambiwa.

"Kwa nini yeye harudi?" Milcah aliuliza.

"Sijui! Naapa sijui!"

"Mtoto hatoki Nyumba ya Watoto bila kadi ya ruhusa. Kadi yenye muhuri na sahihi ya baraza. Aliyetia sahihi ni nani?"

Ndipo Bibi Wamaitha akafanya jambo la ajabu. Aliacha kulia. Alimtazama Milcah kwa huruma, kama mtu anayetakiwa kumwamsha mwenzake aje kwenye msiba.

"Usiniombe nikuonyeshe."

"Nionyeshe."

Wamaitha akainuka, akafungua sanduku chini ya picha ya Bwana Yesu, akatoa kadi. Zilikuwa sita. Juu yake mkono mgeni ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa: AMEPEWA FAMILIA YA, kisha jina la mtu ambaye Milcah hakumjua. Chini yake, kwa wino wa bluu, ilikuwapo sahihi nzuri, ya duara, yenye mkia mrefu.

*Milcah Chepkurui.*

Akakumbuka.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Mtoto mmoja alishikwa na homa, na hospitali ikakataa kumpokea bila kadi, na Milcah alikuwa Njoro, na mtoto akangoja hadi jioni akitetemeka. Alinusurika. Kesho yake Milcah alikuja na machozi na kadi zisizoandikwa kitu. "Mama, chukua hizi. Nimetia sahihi zote. Mtoto akiugua usinisubiri tena mimi." Alilala usingizi mtamu siku ile, akijiona ameshinda urasimu kwa moyo mwema.

Alitoa kadi sita. Ukuta umebaki na vikombe sita.

*

Saa saba na nusu mchana Milcah aliingia ofisini, kadi ndani ya koti, kikombe chenye uzi wa bluu mkononi. Kwenye benchi la ukumbini Wangeci alikuwa pale pale alipoachwa, mgongo wima, gauni la gunia limekunjwa magotini. Alisimama. Alitazama nyuma ya Milcah, mlangoni, chini kidogo, kwenye kimo cha mtoto.

Hapakuwa na mtu.

"Ngoja kidogo, mama," Milcah alisema, akakimbilia chumba cha Mzee Ephantus na kufunga mlango.

Alimwambia yote. Mzee alisikiliza bila kupepesa, akazisoma kadi moja moja, akazipanga mezani ziwe sawa.

"Nani mwingine amezijua?"

Si "watoto wako wapi". Msomaji, sikia swali lake la kwanza.

"Wamaitha. Na mimi."

"Vizuri." Akasukuma kibiriti kilichokuwa kando ya kiko chake hadi katikati ya meza. "Binti yangu, wewe ni kijana. Umesoma. Baba yako anajisifu kwako hadi kanisani. Karatasi hizi zikionekana, ni jela, na hakuna msichana wa Kiafrika atakayepewa kazi hii tena. Watasema, tuliwaambia."

"Na Wangeci?"

"Yule mama ana treni kesho." Alikuwa anazungumza kwa upole, na upole ule ndio uliotisha. "Miaka hii watoto wengi wamekufa kwa surua. Atalia. Sote tumelia. Atazaa mwingine."

"Mtoto yu hai!"

"Unajuaje? Umemwona? Mwezi wa tano ulimwona? Wa sita? Uliona kikombe."

Maneno yalimwingia kama sindano, maana yalikuwa kweli. Milcah alitazama kibiriti. Nataka kukuambia, msomaji, kwamba hakukitazama kwa muda mrefu. Lakini alikitazama. Alimwona baba yake akisimama kanisani. Aliiona baiskeli ya baraza ikipewa mtu mwingine.

Kisha akakitazama kikombe. *Kaza, kisipotee.*

Akakusanya kadi, akafungua mlango, akatoka kwenda ukumbini, na Mzee Ephantus nyuma yake akinong'ona, "Milcah! Milcah, rudi!"

Aliketi kwenye benchi kando ya Wangeci.

"Mama Wachuka, mwanao hayuko Nyumba ya Watoto. Alichukuliwa na mtu tusiyemjua. Alichukuliwa kwa kadi hii, na sahihi iliyo hapa ni yangu. Nilitia sahihi kadi tupu nikidhani nafanya wema. Kila mwezi nikaandika kwamba yupo, nikiwa sijamwona. Sikuja kukuomba msamaha sasa. Nimekuja kukuambia ukweli kwanza."

Wangeci hakupiga kelele. Milcah angetaka apige. Alichukua kikombe, akagusa uzi, akakiweka ndani ya gauni na kulikunja juu yake.

"Nipe kadi."

"Mama, nitakusomea..."

"Nasoma mwenyewe. Nilijifunza kambini, ili siku moja nisome barua yake." Kidole chake kikavu kikapita chini ya herufi, moja baada ya moja, midomo ikitembea. "A-me-pe-wa fa-mi-li-a. Fa-mi-li-a ya..."

Kidole kikasimama.

"Naftaly," alisema. "Ni nyapara wa kiwanda cha mbao, Elburgon."

Milcah alimshika bega.

"Unamjua?"

"Niliishi Elburgon miaka sita. Mume wangu alikata miti kwake." Sauti ilikuwa imekauka kama gome. "Siku ya kuchujwa, walipotafuta waasi, askari walitupanga mstari mbele ya mtu aliyevishwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Alinitikisia mimi. Hakusema neno. Lakini buti zake zilikuwa na misumari ya shaba kwenye kisigino, na misumari ile niliiona kila siku ya kazi. Alikuwa Naftaly."

Mlangoni Mzee Ephantus alisimama kama nguzo. Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Treni ya Kisumu hupita saa tisa," alisema. "Husimama Elburgon."

"Pasi yangu ni ya Nakuru peke yake," alisema Wangeci. "Nikikamatwa huko, narudi kambini."

Mzee akarudi mezani, akaandika haraka, akapiga muhuri kwa nguvu hadi wino ukaruka. *Mwenye barua hii anasafiri pamoja na afisa wa watoto ili kumtambua mtoto wake.* Akaitia sahihi. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe, si ya Milcah.

"Barua hii haitamzuia askari mkorofi," alisema. "Lakini ni yote niliyo nayo. Twendeni watatu."

Milcah alitaka kumshukuru. Dakika kumi zilizopita mzee huyu alimpa kibiriti, na sasa anampa barua. Huenda moyo wake umegeuka. Mioyo hugeuka, na mwandishi wenu anaamini hivyo hata siku mbaya. Lakini jambo moja lilimkwama Milcah kooni kama mwiba wa samaki. Jina la Naftaly lilipotajwa, Mzee Ephantus hakuuliza Naftaly ni nani.

"Bado sielewi," Milcah alimwambia Wangeci, wakitoka kwenye jua. "Watoto watano anaweza kuwa amewataka kwa kazi, wapange mbao, wabebe vumbi. Lakini Wachuka, Naftaly amekataa kabisa kumrudisha. Mtoto wa miaka minane ana kitu gani?"

Wangeci alijibu chini chini, ili mzee aliye nyuma yao asisikie.

"Kwa nini unadhani nilitikisiwa kichwa? Jioni moja kabla ya siku ile nilipita nyuma ya kiwanda kuokota vipande vya kuni. Nikamwona Naftaly na koleo, anamfukia mtu chini ya lundo la vumbi la mbao. Mkono wa yule mtu ulikuwa bado nje. Naftaly akainua uso, akatuona."

"Akawaona?"

"Sikuwa peke yangu, binti. Nilikuwa nimemshika Wachuka mkono."